Wimbi la Sekunde Arobaini na Nne

Ukumbi wa mashine ya karatasi ulijaa mvuke siku nzima, mvuke mzito wenye joto, kiasi kwamba mtu akisimama upande wa pili ulimwona kama kivuli kinachoelea. Wafanyakazi wengi waliingia humo, wakamaliza lililowapeleka, wakatoka mbio kutafuta hewa. Mmoja tu ndiye aliyependa kukaa. Huyo alikuwa fundi wa vipimo, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwembamba, mwenye mwendo wa taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini kiwanda kizima kilimwita Bi Mistari.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya chati. Katika chumba cha kuendeshea mashine kulikuwa na kifaa cha zamani chenye kalamu tatu, nyekundu, kijani na buluu, zilizochora mchana kutwa juu ya utepe wa karatasi uliojisogeza polepole. Nyekundu ilifuata kina cha rojo la karatasi ndani ya tangi kubwa. Kijani ilifuata rojo lililopita kwenye vali. Buluu ilifuata uzito wa karatasi yenyewe ikitoka mwisho wa mashine, imekauka na bado ina moto. Kila asubuhi yeye ndiye aliyetoa utepe wa jana na kuweka mpya. Fundi mwingine angeukunja ule wa jana na kuutupia kabatini. Yeye aliupeleka dirishani, akaufungua pande kwa pande, akausoma kama barua ya mtu aliye mbali. Akishaanza, akili ilihama. Chai ilimpolea mkononi. Siku moja wenzake walimvika kofia tatu, moja juu ya nyingine, wakakaa kungoja. Bi Mistari akakunja utepe wake, akashika njia kwenda karakana na mnara wake kichwani, asijue watu wanacheka nini mpaka fremu ya mlango ilipozigonga zikaporomoka.

Alichokitazama ni wimbi. Kalamu zote tatu zilipanda na kushuka, zikapanda na kushuka, kila baada ya sekunde arobaini na nne. Lilikuwa wimbi dogo, la upole, lisilokua wala kufa. Lilimfanya ajisikie yuko juu ya maji ya vuguvugu, anabebwa, halazimiki kwenda popote. Lakini karatasi ilitoka nene kidogo, kisha nyembamba kidogo, na ukiiinua kwenye mwanga uliona michirizi ya kivuli iliyofuatana kutoka ukingo mpaka ukingo. Haikufaa kwa vitabu. Ilikwenda kufungia sabuni na viatu.

Wataalamu walikuja, mmoja baada ya mwingine. Walikiendea kidhibiti, yaani kile kifaa kinachosoma kina cha tangi na kuiamuru vali ifunguke au ijifunge, wakazungusha vifundo vyake, wakaandika ripoti, wakaaga. Wimbi lilirefuka likawa la sekunde sitini, au likafupika, lakini kufa halikufa. Mwisho vifundo vilirudishwa palepale, na watu wakazoea. Mashine ina kigugumizi chake, walisema, kama mtu.

Kulikuwa na mmoja ambaye hakuzoea, na huyo alikuwa mume wa Bi Mistari.

Miaka kumi na moja kabla ya haya, mumewe ndiye aliyekuwa mwendesha mashine. Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makubwa, na mashine aliijua kwa sauti. Wimbi lilipoanza aliligundua kabla ya kalamu yoyote. Akagundua na jambo jingine: akiiondoa vali kwenye otomatiki na kuiendesha mwenyewe kwa mkono, wimbi lilitulia. Kalamu zilinyooka. Tabu ni kwamba bila otomatiki kina cha tangi kilianza kutembea, kidogo kidogo, juu au chini, na ilimbidi asimame palepale akisahihisha. Akafanya hivyo kwa majuma, na karatasi ikatoka safi. Halafu siku moja akaitwa ofisini kwa nusu saa, tangi likajaa pomoni, rojo likamwagika ukumbini mpaka vifundoni mwa miguu ya watu. Mkuu wa uzalishaji wa wakati ule alimuuliza kwa nini alizima otomatiki. Akajibu kwamba akiweka mkononi, linatulia. Mkuu akamwambia hilo haliwezekani, kwamba ni mkono wake wenyewe unaotetemeka na kuivuruga mashine, na kwamba wataalamu wamesoma. Akahamishiwa ghalani kuhesabu mabunda. Akavumilia mwezi, akavunjika moyo, akaacha kazi. Akajifunza kutengeneza viti, akaligeuza baraza la nyuma ya nyumba kuwa karakana, na tangu hapo habari za mashine hakuzizungumza tena.

Bi Mistari naye hakuziuliza. Alikwenda kazini, akarudi, akapika, akamsaidia kushika kitambaa cha kiti kikivutwa. Neno la mumewe, kwamba akiweka mkononi linatulia, alilihifadhi mahali fulani kifuani bila kulifungua.

Lilifunguka lenyewe Jumamosi moja mchana, darasani. Chuo cha ufundi kilikuwa kimeanzisha masomo ya Jumamosi kwa watu wazima walio kazini, na Bi Mistari alijiandikisha akiwa mkubwa kuliko wenzake wote. Mwalimu alikuwa mzee mfupi mwenye chaki kwenye mifuko yote, hadi ya shati. Muhula mzima aliwafundisha namna ya kuujua mfumo kwa mawimbi. Unaupelekea wimbi la polepole, alisema, halafu la kasi zaidi, halafu la kasi zaidi tena, na kila mara unatazama linalotoka upande wa pili: limepungua kiasi gani, limechelewa kiasi gani. Ukijua hayo kwa kila kasi, unaujua mfumo, hata kama hujawahi kuuona ndani. Bi Mistari alisikiliza akiwa amefumba macho nusu, na wenzake wakadhani anasinzia.

Jumamosi hiyo mwalimu aliwaambia kwamba yote hayo ni kweli kwa mifumo iliyonyooka tu. Mfumo ulionyooka ukiupa wimbi mara mbili, unakurudishia mara mbili, umbo lilelile. Ila vitu vingi vya duniani havikunyooka. Kuna vali inayokwama: ukiisukuma kidogo haiendi, ukizidisha inaruka. Kitu kama hicho majibu yake yanategemea ukubwa wa wimbi, si kasi peke yake. Wimbi dogo kwake ni kama halipo. Kubwa linapita, lakini linatoka limekatwa vichwa, na ndani yake yamezaliwa mawimbi mengine ambayo hukuyatuma, ya kasi mara tatu, mara tano. Na kitu kama hicho kikifungwa pamoja na kidhibiti na tangi, vinaweza kuanza kusukumana, kidhibiti kinaiamuru vali, vali inachelewa kisha inazidisha, tangi linapanda, kidhibiti kinageuza amri, na mzunguko unajilisha wenyewe bila mtu kuugusa. Haukui wala haufi.

Bi Mistari akafumbua macho.

"Mwalimu," alisema, "ukiukata huo mzunguko, ukaishika vali kwa mkono?"

"Unakoma, mama," mwalimu alijibu. "Hauna tena wa kuulisha."

Alisikia darasa likienda mbali, kama mtu anayezama taratibu huku akiona mwanga wa juu. Mwalimu aliendelea kuongea; yeye hakusikia tena hata neno. Masomo yalipokwisha alibaki kitini. Mwalimu naye alibaki, akifuta ubao kwa mwendo wa mtu anayengojwa nyumbani na hana haraka, na hapo ndipo Bi Mistari alipomsimulia yote: kalamu tatu, sekunde arobaini na nne, vifundo vilivyozungushwa bure, na mwendesha mashine mmoja wa zamani aliyesema akiweka mkononi linatulia. Hakumtaja kuwa ni mumewe. Mwalimu alimuuliza kama kiwanda kina siku ya kusimamisha mashine. Kilikuwa nayo, Jumatano ya mwisho ya mwezi.

Mkuu wa uzalishaji wa sasa, kijana kuliko aliyemtangulia na mwenye adabu, aliwaruhusu mradi wasitumie rojo. Wakajaza tangi maji matupu. Mwalimu alikuja na kisanduku cha chuo cha kuzalisha mawimbi, amekifunga kwa taulo kama mtoto mchanga, na Bi Mistari akakiunganisha na vali mahali pa kidhibiti. Ukumbi ulikuwa umepoa. Bila mvuke ulionekana mkubwa kupita kawaida, na kila tone lililodondoka lilisikika. Walianza na wimbi dogo. Kalamu ya kijani haikutikisika. Walibadilisha kasi, polepole, haraka, polepole sana. Kalamu ilikaa imenyooka kana kwamba hakuna aliyeisemesha. Wakakuza wimbi kidogo. Hapo kalamu ikaruka, ikatulia, ikaruka, na badala ya mgongo wa mviringo ikachora ngazi zenye vichwa bapa, zilizochelewa. Wakakuza tena. Sasa mgongo ukaanza kuonekana na kuchelewa kukapungua. Kasi ni ileile, alirudia mwalimu, ukubwa tu ndio umebadilika.

Walifanya hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri, Bi Mistari akisoma namba na mwalimu akiandika. Kisha wakakaa sakafuni na karatasi moja kubwa. Mwalimu alichora mstari wa kwanza, wa tangi na kidhibiti, namna vinavyojibu kila kasi ya wimbi. Bi Mistari ndiye aliyechora wa pili, wa vali, namna inavyojibu kila ukubwa. Akawa anasogeza penseli nukta kwa nukta, pumzi ameibana, na aliona mstari wake unaukaribia ule wa mwalimu, unaukaribia, ukaukata. Mwalimu alipiga hesabu ya mahali pale pa kukatana. Vali hii na tangi hili, vikiachwa pamoja, vitabembeana kila baada ya sekunde arobaini na sita.

"Chati inasema arobaini na nne," Bi Mistari alisema.

Mwalimu alicheka. Alimweleza kwamba njia yao inasikiliza wimbi la kwanza tu na kuyatupa yale madogo ya mara tatu na mara tano, kwa hiyo haikosi kukosea kidogo. Sekunde mbili si kitu. Lakini Bi Mistari hakuwa akilalamika. Alikuwa akiitazama ile nukta, mahali mistari miwili ilipokutana. Miaka yote aliyokaa dirishani, ilikuwa hapo.

Wakaifungua vali. Utepe wa kuzibia, ule unaofungwa kuzunguka shafti, yaani fimbo inayoisogeza vali, ili rojo lisivuje, ulikuwa umekazwa mpaka umekuwa mgumu kama pembe, na shafti yenyewe imepata mikwaruzo. Mwalimu alitikisa kichwa. Aliyekaza hapa, alisema, alikuwa na mkono wa chuma. Ameikaba vali koo. Akauliza kama kuna kumbukumbu.

Bi Mistari akaenda kwenye kabati la vitabu vya matengenezo. Alirudi nyuma mwaka kwa mwaka, vumbi likimwingia puani, mpaka kwenye kitabu chenye jalada lililoliwa na panya. Akakuta mstari mmoja. *Vali ya rojo inavuja. Imekazwa. Haivuji tena.* Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa mtu anayejitahidi, na chini yake kulipigwa mstari wa rula kwa fahari. Alihitaji muda kuutambua. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, wa mwezi wake wa kwanza kazini. Mumewe ndiye aliyemwombea kazi hiyo. Akatafuta utepe wa chati wa juma lile, maana alikuwa hatupi kitu, na akaona kalamu zimenyooka Jumatatu, zimenyooka Jumanne, na Alhamisi zimeanza kupumua.

Alimwonyesha mwalimu, kisha mkuu wa uzalishaji, bila kuficha neno. Mkuu alisoma, akatazama chini, akasema kila mtu kiwandani angekaza vivyo hivyo. Huenda ni kweli. Haikumsaidia.

Alifika nyumbani jua likikaribia kuzama. Mumewe alikuwa barazani amepiga magoti mbele ya kiti kikubwa cha mtu wa duka la vitabu, anakipigilia kitambaa kipya, na vimisumari vidogo amevibana midomoni kama kawaida yake. Bi Mistari akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote, tangu darasani mpaka kitabu kilicholiwa na panya. Mumewe hakuacha kupiga nyundo mpaka mkewe alipofika kwenye lile la mwandiko. Hapo akaweka nyundo chini. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga kwenye mkono wa kiti. Ilikuwa saba.

"Kwa hiyo nikiweka mkononi, lilikuwa linatulia kweli," alisema.

"Lilikuwa linatulia kweli."

"Si mkono wangu."

"Si mkono wako. Ni wangu."

Mumewe akaangalia uani, kwenye kamba ya nguo ambako shuka mbili zilikuwa zikijaa upepo na kunywea. Kisha akarudisha misumari midomoni, akaendelea na kazi, na Bi Mistari aliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo ambao watu walikwishasahau kuwa ameubeba. La kukaza hakulitia neno. Ilionekana halikumgusa hata kidogo.

Hasira ilikuja siku mbili baadaye, tena kwa jambo jingine kabisa. Walikuwa wakimenya viazi.

"Miaka kumi na moja ulikuwa unalitazama," mumewe alisema ghafla. "Kila asubuhi. Watu wakaniambia unasimama dirishani unalitazama kama picha ya arusi. Na mimi niko hapa nagonga viti. Hukuwahi kujiuliza kama nilisema kweli?"

Bi Mistari aliweka kisu chini. Angeweza kusema hakuwa na elimu ya kutosha, na lingekuwa kweli.

"Nilikuamini nusu," alijibu.

"Nusu ipi?"

Mumewe akamaliza viazi vyake, akanawa, akatoka kwenda kutembea, na alipita mtaa mzima wa maseremala na kurudi kabla hasira haijapoa. Juma zima walizungumza mambo ya chumvi na mafuta tu. Bi Mistari alikwenda kiwandani, akafunga utepe mpya kwenye vali, akaisugua shafti kwa kitambaa laini mpaka ikang'aa, akakaza nati kwa vidole viwili, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Tone moja lilijitokeza, likaning'inia, likadondoka. Akaliacha. Otomatiki ilipowashwa kalamu tatu zilitetemeka kidogo, zikajitafuta, zikalala. Alihisi amefurahi na amefiwa kwa pamoja, na hakumwambia mtu.

Jumapili mumewe ndiye aliyemsemesha kwanza. Alikuwa ametandaza kitambaa cha kiti mezani, akampa chaki ya fundi cherehani, akamwambia amchoree hiyo mistari miwili aliyomsimulia. Bi Mistari akachora juu ya kitambaa cha watu. Alimweleza wa tangi, akamweleza wa vali. Mumewe aliinama, masikio yake makubwa yakipitisha mwanga wa dirisha, akaufuata ule wa vali kwa kidole.

"Huu hauanzi mwanzo," alisema. "Wimbi likiwa dogo, haupo."

"Ndivyo. Vali haisikii."

"Nilikuwa naisikia kwa masikio haya haya. Kulikuwa na kimya, halafu *tk*, halafu kimya." Akarudisha kidole mahali pasipo na mstari. "Kumbe hicho kimya ndicho."

Wakakaa na hicho kitambaa mpaka saa kumi, wakifuta na kuchora, na walipomaliza ikabidi mwenye kiti aelezwe kwa nini kitambaa chake kimefuliwa.

Mkuu wa uzalishaji aliandika barua, akaweka nakala kwenye jalada la zamani la mwendesha mashine, na akaileta nyingine kwa mkono wake mwenyewe mpaka barazani. Ilisema wazi kwamba aliyeambiwa mkono wake unatetemeka alikuwa sahihi. Alimwomba arudi kazini. Mumewe alimshukuru, akamkaribisha kiti, akakataa. Alisema ana viti vitatu vya watu, na mashine imekwisha kupona, haina haja naye. Barua aliisoma mara mbili wakati mgeni akinywa maji, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati.

Ila habari zilitembea. Kiwanda cha sabuni upande wa pili wa mji kilikuwa na joto la mtungi lililopanda na kushuka bila sababu, na walimwita Bi Mistari. Alikopa kisanduku cha chuo, akakifunga kwa taulo. Alipokuwa anatoka mlangoni mumewe alivua aproni yake ya kazi, akasema atambebea waya.

Huko harufu ya sabuni ilikuwa nzito na tamu, na povu jeupe lilielea kwenye mifereji kama mawingu yaliyopotea njia. Bi Mistari akaanza na wimbi dogo. Mumewe akaweka kiganja juu ya vali, akafumba macho, akainamisha kichwa.

"Bado," alisema.

Akakuza kidogo.

"Bado."

Akakuza tena, kidogo mno, na akangoja. Mvuke ulipita kati yao. Alimwona mumewe akitabasamu kabla ya sindano yoyote ya kipimo kusogea.

"Sasa," alisema mumewe, na Bi Mistari akaandika namba.